Uvae Nini Ukijifungulia Majini

Nguo ya kujifungulia majini huchaguliwa kwa namna inavyovuliwa, si kwa namna inavyokaa mwilini. Ikiwa kavu, karibu kila nguo inavulika. Ikilowa mambo hubadilika: sidiria ya mazoezi hujiviringa mgongoni ikawa kama kamba, dera hujaa hewa likaelea, kanga huwa mzigo. Mwanamke aliyefikia uchungu wa mwisho hana mkono wa ziada wala pumzi ya kushindana na kitambaa. Ndiyo maana kila tunachoshauri hapa kinarudi kwenye swali moja: nguo hii ikishalowa chapachapa, itatoka kwa mkono mmoja huku mama amekaa?

Kwa aliye na haraka, jibu ni hili. Wengi huvaa kitu cha juu tu, ama sidiria laini isiyo na waya ama kifulana kifupi kinachofunguka mbele, na chini huwa watupu tangu hamu ya kusukuma inapoanza. Wengine hawavai chochote, na hakuna mkunga wa kazi hii atakayeshangaa. Anayetaka stara zaidi ya hapo anaweza kuipata, na tumemwandikia yeye kwa urefu, kwa kuwa huko ndiko makosa mengi yanakotokea.

Tunamfikiria zaidi mama anayezungumza Kiswahili aliyeko Uingereza. Huko beseni la uzazi si jambo geni: mwaka 1992 kamati ya afya ya Bunge ilishauri kwamba pale inapowezekana hospitali zote ziwape wanawake nafasi ya kulitumia, na leo vituo vingi vinavyoendeshwa na wakunga vinalo. Afrika Mashariki bado ni huduma ya sehemu chache za binafsi. Ukijifungulia huko, ushauri wa nguo ni uleule, ila uliza mapema taulo na vitambaa vinatolewa na nani. Na hili tuliseme wazi kabla ya kugusa mkasi: haya ni ya uzazi unaosimamiwa na mkunga aliyefundishwa kazi ya majini, mwenye vifaa vyake. Beseni la nyumbani bila mkunga si mahali pa kuzalia.

Uliza kwanza: maji ni ya uchungu tu, au ni ya kuzalia?

Daktari Mfaransa Michel Odent, aliyeandika mwaka 1983 kuhusu watoto 100 waliozaliwa majini katika hospitali ya Pithiviers, aliweka beseni pale kwanza kwa ajili ya kutuliza maumivu. Baadhi ya wanawake walinogewa na maji, mtoto akaja kabla hawajatoka. Mpaka leo matumizi ni hayo mawili. Marekani chama cha madaktari wa uzazi kinakubali maji wakati wa uchungu kwa mama asiye na matatizo aliyetimiza wiki 37, lakini kinashauri mtoto azaliwe nje ya maji. Uingereza mama anaweza kubaki humo mpaka mwisho.

Kama ni ya uchungu tu, unaweza kukaa na chupi ya kuogelea au kaptura fupi, mradi uwe tayari kuivua. Kama ni ya kuzalia, nguo ya chini ina muda wake wa kuaga, tutaufikia. Hata aliyepanga kutoka avae kama ambaye huenda asiwahi kutoka, hasa kama ni uzazi wa pili au wa tatu, maana kusukuma kunaweza kuchukua dakika chache tu.

Njia ya mtoto

Ukielewa kinachofanyika ndani ya beseni, mengi utajiamulia mwenyewe. Maji hufika karibu na kwapa ukiwa umekaa. Mkunga hupiga magoti nje, na tochi na kioo, akitazama chini ya maji. Kila dakika 15 wakati wa uchungu, na kila dakika 5 ukianza kusukuma, hupitisha dopla isiyoingia maji chini ya tumbo kusikiliza moyo wa mtoto. Mtoto hutoka mwili wote ndani ya maji, kisha huinuliwa taratibu, uso ukitangulia juu, mpaka kifuani kwa mama. Huinuliwa taratibu kwa sababu kitovu kinaweza kuwa kifupi, na kikivutwa ghafla kinaweza kukatika.

Basi tazama njia hiyo: kutoka katikati ya mapaja, kupitia mbele ya tumbo, mpaka kifuani. Kitambaa chochote kinachoning'inia chini ya matiti kiko njiani. Fulana inayofika kiunoni huelea mbele ya tumbo kama kifuniko. Mkunga haoni, na mtoto anapopanda anaweza kuingia chini yake badala ya kuja juu yake, uso ukafunikwa na kitambaa chenye maji. Kwa hiyo nguo ya juu iishie kwenye mbavu, ibane kidogo chini, na kifua kifunguke.

Jambo la pili ni hewa. Kichwa cha mtoto kikishatoka na kuguswa na hewa, hakirudishwi majini, kwa sababu mtoto anaweza kuanza kuvuta pumzi. Mama akiinuka kuvua chupi wakati kichwa kinaonekana, makalio yakatoka nje ya maji, ataambiwa abaki amesimama au atoke, na uzazi wa majini umeishia hapo. Tumelirefusha hili kwa makusudi, maana ni kosa dogo linaloharibu mpango wa miezi.

Kitambaa

Chukua kanga kavu, iingize kwenye ndoo ya maji, isubiri dakika moja, kisha inyanyue kwa pembe mbili bila kuikamua. Ona inavyoivuta mikono chini. Hivyo ndivyo mabega yako yatakavyovutwa kila ukiinuka kubadili mkao, na katika uchungu mkao hubadilishwa mara nyingi. Pamba hunywa maji na haiyaachi. Kitambaa cha nguo za kuogelea, yaani nailoni au poliesta inayovutika, hushika maji kidogo, hakielei sana na hukauka upesi. Kwa kinachoingia ndani ya beseni chagua hicho. Pamba iache nje, ikiwa kavu, ikusubiri.

Pamba ina tabu nyingine. Sehemu iliyolowa ikiwa juu ya maji, kama mabega na mgongo wa juu, hupoa upesi kwa sababu maji yanaondoka kwa mvuke na kuondoka na joto lako. Mama hutetemeka mabegani huku miguu iko kwenye maji ya moto.

Upande wa pili kuna joto kupita kiasi. Maji ya beseni hayapaswi kuzidi nyuzi 37.5 za Selsiasi, na kila saa mkunga hupima joto la maji na la mama. Sababu ni mtoto: tumboni joto lake huzidi kidogo la mama, na hulitoa kupitia kwa mama. Mama akichemka, mtoto huchemka zaidi na moyo wake huenda mbio. Kwa hiyo nguo nzito, kofia nzito na mikono mirefu havifai hata kama kitambaa ni chepesi. Ukianza kusikia uso unawaka, cha kwanza kuvua ni cha kichwani, kisha kitambaa kilicholoweshwa maji baridi kiwekwe shingoni.

Rangi nayo ina maana yake. Kanga mpya, kitenge kipya au batiki huchuja. Kanga nyekundu ikichuja ndani ya beseni inamfanya mkunga adhani unatoka damu, na ndani ya maji kukadiria damu ni kazi ngumu hata bila kitambaa kuongeza utata. Mkunga pia anaangalia rangi ya maji ya uzazi: yakiwa ya kijani au ya kahawia, huenda mtoto amejisaidia tumboni, na utaombwa utoke. Nguo yoyote itakayokaribia beseni ifuliwe peke yake mara tatu au zaidi, mpaka maji ya kusuuza yawe meupe.

Nguo ya juu

Sidiria ya mazoezi ndiyo inayopendekezwa sana na ndiyo inayotesa zaidi, kwa sababu watu hununua ile ya kuvutwa kichwani, yenye mgongo mpana unaobana. Ikilowa, hung'ang'ania ngozi, na ukiivuta juu hujikunja chini ya kwapa. Kama unaipenda, chukua iliyo saizi moja zaidi na yenye vifungo vya mbele. Zipu iepuke, meno yake yatalala kwenye shavu la mtoto. Velkro nayo hukwaruza. Sidiria ya kunyonyeshea isiyo na waya, yenye vikombe vinavyoshuka kimoja kimoja, inafaa sana: mtoto hupata ngozi na titi bila wewe kuvua kitu.

Ijaribu nyumbani, siku yoyote baada ya wiki ya 34 hivi, tumbo likiwa limekaribia ukubwa wake wa mwisho. Vaa, oga nayo dakika kumi mpaka ilowe kabisa, kisha kaa kwenye stuli na ujaribu kuivua kwa mkono usiouzoea. Ukihesabu mpaka kumi na tano bado inakung'ang'ania, hiyo si nguo ya beseni. Kaa nayo kidogo ikiwa imelowa uone kama waya, mshono au lebo inakukera. Kinachokukera leo ukiwa mzima kitakukera mara kumi ukiwa na uchungu.

Si lazima ununue. Kifulana kizuri kinashonwa jioni moja kutokana na fulana kuukuu ya mikono mitupu, bora iwe ya kitambaa cha michezo.

Ivae, kaa kwenye stuli, weka alama vidole viwili chini ya matiti, ndipo ukate. Usiweke alama ukiwa umesimama. Ukikaa, matiti na tumbo hukaribiana, na fulana iliyoonekana fupi hugeuka ya kufunika tumbo. Kisha kata katikati mbele, moja kwa moja kutoka shingoni hadi chini. Kata vikamba sita vya sentimita 20 kutoka kwenye taiti kuukuu, ushone jozi tatu: juu ya matiti, katikati, na kwenye pindo la chini. Usitumie utepe wa pamba, fundo lake likinywa maji huvimba na kugoma kufunguka. Utepe wa satini nao huteleza ukajifungua wenyewe. Funga kwa fundo la kamba ya kiatu, ambalo hufunguka kwa kuvuta ncha moja.

Halafu kata mshono wa mabega yote mawili na uweke vikamba pale pia. Wengi hulidharau hili. Ikitokea dharura, utawekewa sindano ya dripu mkononi na chupa ikatundikwa. Nguo yenye mabega yaliyoshonwa haiwezi kuvuliwa tena bila kupitisha chupa nzima kwenye tundu la mkono, au kukatwa. Yenye mabega ya kufungua huanguka yenyewe.

Malizia kwa kupunguza kila uzi uliochomoza. Uzi mmoja mrefu unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mtoto mchanga na kukikaba bila mtu kuona.

Ukitaka mikono, iishie juu ya kiwiko na iwe mipana kiasi cha kukunjwa hadi begani, maana mkono wa juu ndio unaofungwa kipimo cha presha.

Nguo ya chini

Mwanzoni mwa uchungu, wakati mkunga anahitaji tumbo lako tu, chupi ya kuogelea inatosha. Nzuri kuliko zote ni ile ya kufunga kamba pembeni: inatoka bila kuinuka, bila kupita magotini. Kaptura zinazobana na taiti ziache kabisa. Zikilowa, mapaja yakiwa yamevimba kidogo kama yanavyovimba mwishoni mwa ujauzito, hazitoki.

Sketi fupi ya kuogelea, isiyo na chupi ya ndani, inamsaidia asiyependa kuonekana anapopanda na kushuka. Ndani ya maji itaelea, kwa hiyo ikunje mpaka kiunoni na pindo ulichomeke juu.

Pedi itoe kabla ya kuingia, hata kama chupa imepasuka na maji yanavuja. Pedi hunywa maji ya beseni, huvimba na mwishowe hupasuka, na ile jeli yake huenea kote.

Lini uvue? Ukisikia hamu ya kwanza ya kusukuma, ile ya kama unataka haja kubwa, vua. Mwenye uzazi wa pili na kuendelea avue mapema zaidi, pale uchungu unapokuja bila kumpa nafasi ya kuzungumza. Kuna sababu nyingine isiyotajwa sana: wakati wa kusukuma, kinyesi kidogo hutoka kwa wanawake wengi. Ni kawaida, mkunga ana kichujio na hukiondoa upesi bila kusema neno. Chupi ikiwepo, hukishika papo hapo mtoto anapotokea.

Stara: kanga, dera, shungi

Mama aliyelelewa Mombasa, Lamu au Unguja anaweza kusikia ushauri wa "usivae kitu" akaona beseni halimhusu. Linamhusu. Stara ya majini inatoka kwenye vitu vilivyo nje ya beseni kuliko nguo iliyo ndani.

Anza na chumba. Ukipiga magoti na kuegemea ukingo wa beseni, mkao ambao wengi huupenda hata bila kuambiwa, aliye mlangoni haoni ila mabega na mgongo. Omba taa zipunguzwe, mkunga anafanya kazi kwa tochi. Omba mlangoni pawekwe karatasi ya kuwataka watu wabishe hodi na kusubiri. Kisha mwenzako aweke viti viwili kati ya beseni na mlango, atandaze kanga juu ya migongo yake, na tayari una pazia. Upande wa mkunga ubaki wazi kabisa, na pazia lenyewe liwe la kusukumwa kwa mguu, maana ikibidi utolewe, watu watapita hapo.

Doti moja ya kanga inatosha kazi zote. Kipande cha kwanza ni cha kuingia: jifunge chini ya makwapa, pindo lisivuke magoti, ukae kwenye ukingo, uzungushe miguu ndani, na mwenzako akichukue kanga juu juu mwili unavyozama. Maji hukufunika kanga inapoondoka. Kipande cha pili hukaa kikavu, kimekunjwa, kikisubiri kutoka kwako. Usikitumie kwa lolote, hata kufuta jasho. Kanga isiingie majini ukiwa umeifunga. Itajizungusha kwenye mapaja, na iliyofungwa shingoni ni hatari ukihitaji kubebwa.

Dera ni nguo nzuri ya kutembea nayo korido wakati uchungu unajenga. Ndani ya beseni haifai: hewa hunaswa chini yake, kitambaa kinapanda hadi kidevuni, na maji yakiingia linazama lote na kuivuta shingo. Buibui hivyo hivyo. Nguo ndefu ya kuogelea ya kufunika mwili mzima inaonekana kama suluhisho, lakini suruali yake haiwezi kubaki mwilini wakati wa kuzaa na kanzu yake hufika mapajani. Ukinunua seti hiyo, tumia kofia yake na ukate kanzu kwa kipimo cha vidole viwili tulichokieleza.

Kichwani, kofia nyepesi ya kuogelea inayofunika masikio na shingo ndiyo bora. Kama huna, kitambaa chembamba cha mraba kifungwe nyuma kama kilemba, ncha zichomekwe ndani. Pini hapana, hata moja: ikidondoka ndani ya beseni haionekani, na beseni la kujaza upepo hutoboka. Mtandio mrefu hapana, ncha zake zitafika kwenye maji na kuanza kuyanywa mpaka shingo nzima iwe baridi. Beba vitatu vya aina moja, kimoja kikilowa kibadilishwe. Shingo ya kofia iwe ya kupitisha vidole viwili kirahisi.

Ukitaka wakunga wa kike tu, liandike kwenye mpango wako wa uzazi na ulitamke siku ya kliniki na tena siku ya kufika. Uingereza karibu wakunga wote ni wanawake, kwa hiyo kwa kawaida hilo hupatikana. Dharura ndiyo isiyoahidiwa. Daktari atakayekuwa zamu anaweza kuwa mwanaume, na katika dakika hizo mwenzako awe na kazi moja: kanga kavu juu ya kifua na shingo, bila kuwazuia wanaofanya kazi chini.

Andika pia kwenye mpango huo huo kwamba nguo yako ikatwe ikihitajika. Mkunga mwenye adabu husita kukata nguo ya stara ya mtu. Usimwachie afikirie hilo wakati mabega ya mtoto yamekwama na anakutaka usimame, mguu mmoja juu ya ukingo.

Vilivyo mwilini zaidi ya nguo

Pete zitolewe wiki za mwisho, vidole vikivimba hazitoki. Hereni, bangili, kipini, mkufu vyote vibaki nyumbani. Ukipelekwa chumba cha upasuaji vitaondolewa kwa haraka na watu wasiojua thamani yake.

Shanga za kiunoni zinastahili neno la pekee. Uzi wake ukikatika, punje huenea chini ya beseni, unazipigia magoti, na mkunga anazitafuta kwa mkono wakati anakutazama wewe. Zivue kabla hujatoka nyumbani. Kama ni za kufungia uzi usiofunguka, zikate mwenyewe kwa utulivu, uzishone tena baada ya arobaini.

Piko nyeusi kwenye kucha na rangi nzito ya kucha zinaweza kukipotosha kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni. Acha angalau kucha mbili za kila mkono bila rangi. Hina ya viganjani haina neno.

Mafuta ya nazi ya kusingwa mgongo ni raha ya kweli kabla ya maji. Yakiingia majini, ukingo na sakafu ya beseni huteleza, na mikono ya mkunga haishiki. Kama umesingwa, oga kwa sabuni kwanza. Nywele zisukwe na zifungwe juu kabisa ya kichwa. Rasta ndefu zikilowa huwa nzito na hubaki na maji kwa saa nyingi, na utakuwa unamnyonyesha mtoto na mgongo uliolowa.

Mtoto akishafika kifuani

Fungua kamba za mbele, mtoto alale ngozi kwa ngozi, mwili wake ndani ya maji mpaka mabegani, uso juu. Mtu mwingine anaweza kuufuta na kuufunika utosi kwa kitambaa kikavu. Kitambaa kilicholowa kati ya kifua chako na mtoto humpoza, na mtoto mchanga hupoteza joto upesi kuliko anavyoweza kulitengeneza, kwa hiyo sogeza pande zote mbili za kifulana mpaka kwapani.

Mara nyingi utaombwa utoke kwa ajili ya kondo la nyuma, hasa kama umekubali sindano ya kupunguza kutoka damu, ambayo huchomwa pajani. Hapa ndipo kile kipande kikavu cha kanga kinapofanya kazi. Ukisimama, vua kifulana pale pale kwenye ukingo kabla hujapiga hatua. Usitoke nacho. Taulo moja mabegani, jingine miguuni, kanga chini ya makwapa. Damu itatiririka miguuni, na kwa kuwa mwili umelowa itaonekana nyingi kuliko ilivyo. Mwache mkunga ndiye aipime kwa macho. Kanga isifike nyayoni, mtu mwenye miguu milegevu hujikwaa. Sakafu ina maji: malapa ya mpira yawe yamepangwa yakitazama upande unaotokea. Soksi hapana mpaka umekaa na miguu imekauka.

Andaa taulo nne kubwa, za rangi isiyokusikitisha ikiharibika, gauni la kulalia linalofunguka mbele hadi kiunoni, chupi mbili kubwa za kiuno cha juu, na pedi nene za uzazi. Kwa mtoto: kanga mbili kuukuu zilizolainika kwa kufuliwa, moja ya kumkaushia na nyingine ya kumfunika baada ya ile ya kwanza kulowa, na kofia. Kukosea kwa kawaida ni kuacha kanga iliyomkaushia ikamfunika. Vyote viwe kwenye mfuko mmoja, vilivyopangwa kwa mfuatano wa kutumika, cha kwanza juu.

Mume, mama au dada anayekaa nawe

Anayebaki nje avae mikono mifupi na kitu asichokionea huruma, maana maji yatamfika mpaka kifuani akiwa amekushika. Awe na fulana ya kubadili. Apige magoti juu ya taulo lililokunjwa, si kwenye sakafu, kwa kuwa atakaa hapo saa nyingi.

Mume anayeingia beseni, pale kituo kinaporuhusu, aoge kwanza, asijipake mafuta, avae kaptura ya kuogelea isiyo na zipu na isiyo na kitu mfukoni. Pete na saa abaki bila. Akae nyuma yako, miguu yake ikiwa nje ya mapaja yako ili mkunga aone, na ikiwa utatolewa haraka, yeye ndiye wa kwanza kusogea. Kaptura kavu ya pili iwe kwenye mfuko wake mwenyewe, isichanganywe na vitu vya mtoto.